Mwanahistoria katika kiti cha Waziri wa Ulinzi: Lajos Für na jeshi la Hungaria, 1990–1994

Swali: Msomaji mmoja kutoka Kenya, anayesomea shahada ya uzamili katika sayansi ya siasa mjini Debrecen, Hungaria, ameniandikia hivi: "Mwalimu, katika masomo yetu nimekutana na jina la Lajos Für, Waziri wa Ulinzi wa kwanza baada ya uchaguzi huru wa 1990. Nimeshangaa kuona kwamba alikuwa mwanahistoria wa kilimo, wala hakutoka jeshini. Mtu wa namna hiyo alikabidhiwaje jeshi wakati askari wa Kisovieti wangali nchini? Na je, kuna jambo alilolifanya yeye mwenyewe, au kazi ilifanywa na majenerali naye akatia saini tu?"

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na sehemu ya mwisho ya swali lako, kwa kuwa ndiyo inayofungua nyingine. Für hakuwa mtia saini tu. Hata hivyo, kazi yake hutaiona ukiitafuta pale tulipozoea kuitafuta kazi ya waziri wa ulinzi, yaani kwenye gwaride, silaha mpya na mazoezi ya kivita. Kazi yake ilikuwa katika maandishi: mikataba, uamuzi mmoja wa mahakama na sheria moja ndefu. Karibu yote hayo yalihusu jambo moja, nalo ni nani nchini Hungaria mwenye haki ya kumtoa askari kambini, na kwa idhini ya nani.

Für alizaliwa tarehe 21 Desemba 1930 katika kijiji cha Egyházasrádóc, mkoa wa Vas, upande wa magharibi wa nchi. Masomo yake ya chuo kikuu aliyafanya hapo hapo ulipo wewe, Debrecen, katika chuo ambacho siku zile kilibeba jina la Lajos Kossuth. Mapinduzi ya Oktoba 1956, yaani uasi wa wananchi dhidi ya utawala wa kikomunisti, yalimkuta akiwa mwanahistoria kijana naye akashiriki katika harakati za mji huo. Vifaru vya Kisovieti vilipoyazima mapinduzi mwezi Novemba, alikimbilia Ufaransa, lakini mwaka uliofuata akarudi nyumbani, na kurudi huko kulimgharimu: mlango wa kufundisha chuo kikuu ulifungwa kwake kwa miaka mingi. Baadaye alipata hifadhi ya kitaaluma katika Makumbusho ya Kilimo ya Hungaria mjini Budapest, akaandika historia ya vijiji, ya ardhi na ya wakulima, na hatimaye akarudi kwenye ualimu wa chuo kikuu.

Katika miaka ya 1980 mwanahistoria huyu wa kilimo aligeukia jambo lililoonekana kuwa mbali na fani yake: idadi ya Wahungaria waliokufa katika Vita Kuu ya Pili. Ili uelewe uzito wake, kumbuka kwamba mwaka 1942 Hungaria, ikiwa upande wa Ujerumani, ilipeleka jeshi la watu wapatao 200,000 kwenye ukingo wa Mto Don, ndani kabisa ya ardhi ya Kisovieti. Mwezi Januari 1943, katika baridi kali ya kipupwe cha huko, Jeshi Jekundu lilivunja safu zao, na zaidi ya nusu ya wale watu waliuawa, wakajeruhiwa au wakachukuliwa mateka. Kwa kuwa walipigana dhidi ya dola ambayo baadaye iliitwa rafiki na mkombozi, kwa miaka arobaini haikuwa rahisi kuwaombolezea hadharani. Majina yao hayakuwa kwenye minara ya vijijini. Für aliuliza swali ambalo mkulima yeyote aliyefiwa angeliuliza: ni wangapi hawakurudi?

Mimi naamini hapo ndipo ulipo ufunguo wa maisha yake ya siasa. Mtu aliyekaa na daftari la wafu, akatambua kwamba maelfu hayo yalipelekwa mbali na nyumbani kwa uamuzi wa watu wachache, alikuwa na sababu ya kutosha ya kutaka kujua siku za mbele uamuzi kama huo utapita mlango gani, na utaulizwa maswali gani kabla ya kupita.

Kuingia kwake katika siasa kulianza tarehe 27 Septemba 1987, katika kijiji cha Lakitelek, ambako waandishi na wasomi walikutana ndani ya hema lililosimamishwa uwani kwa mshairi Sándor Lezsák. Hapo ndipo lilipozaliwa Jukwaa la Kidemokrasia la Hungaria, kwa kifupi MDF, na Für alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Mwaka 1989 chama hicho kilimteua kuwa mgombea wake wa urais, kwa matarajio kwamba rais angechaguliwa moja kwa moja na wananchi. Kura ya maoni ya tarehe 26 Novemba 1989 ilifuta mpango huo kwa tofauti ya kura elfu sita na ushei kati ya kura zaidi ya milioni 4 zilizopigwa. Suala la urais likasubiri bunge jipya, na bunge hilo likamchagua Árpád Göncz wa chama cha Wademokrasia Huru, mwandishi na mfasiri aliyewahi kuhukumiwa kifungo cha maisha kwa sababu ya 1956. Naomba ulishike jina hilo, kwa sababu tutalirudia.

Sasa, kwa nini raia? Uchaguzi wa Machi na Aprili 1990 uliipa MDF viti 164 kati ya 386, na Waziri Mkuu mpya, József Antall, alikuwa mwanahistoria yeye mwenyewe. Waziri wake wa Mambo ya Nje, Géza Jeszenszky, vilevile. Haikuwa ajabu ya Hungaria peke yake. Ujerumani Mashariki, katika miezi yake ya mwisho, iliiweka wizara ya ulinzi mikononi mwa Rainer Eppelmann, mchungaji wa Kiprotestanti aliyewahi kufungwa kwa kukataa kula kiapo cha kijeshi. Chekoslovakia ilimteua mwandishi wa habari, Luboš Dobrovský, na Poland ikamwingiza wizarani mtaalamu wa hisabati, Janusz Onyszkiewicz. Maafisa wa ngazi za juu katika nchi hizo zote walikuwa wamelelewa ndani ya chama kimoja, na wengi wao walisomea katika vyuo vya kijeshi vya Kisovieti. Sisemi kwamba walikuwa wabaya. Wengi walikuwa wazalendo na waliitumikia serikali mpya kwa uaminifu. Lakini serikali iliyotaka kuuonyesha umma kwamba jeshi sasa liko chini ya wananchi isingeweza kumweka jenerali mwingine juu ya majenerali. Kwa hiyo kile unachokiona kuwa upungufu wa Für, yaani kutotoka jeshini, ndicho hasa alichochaguliwa kwacho.

Alipoingia ofisini mwezi Mei 1990 alikuta wizara iliyopunguzwa makali. Tarehe 1 Desemba 1989, serikali ya mwisho ya utawala wa zamani ilikuwa imeigawa: upande mmoja ikabaki Wizara ya Ulinzi, ikiwa na mambo ya sera, bajeti na sheria, upande wa pili ikaundwa Kamandi ya Jeshi, yenye askari, silaha na mawasiliano, na kamanda wake, Jenerali Kálmán Lőrincz, hakuwajibika kwa waziri bali moja kwa moja kwa rais wa nchi. Waliobuni mpango huo walieleza kwamba unalilinda jeshi na ushindani wa vyama. Matokeo yake yalikuwa kwamba waziri aliyeulizwa maswali bungeni kuhusu jeshi hakuwa na mamlaka juu ya mtu aliyeliongoza jeshi hilo.

Kuhusu askari wa Kisovieti, tuwe waangalifu na sifa. Mkataba wa kuwaondoa ulitiwa saini Moscow tarehe 10 Machi 1990, kabla ya uchaguzi, na Gyula Horn, Waziri wa Mambo ya Nje wa serikali iliyotangulia. Kilichomwangukia Für ni kuhakikisha unatekelezwa. Walikuwako askari wapatao 50,000, pamoja na jamaa zao na maelfu ya magari ya kivita, na wote walipaswa kuondoka, wengi wao kwa treni, kabla ya tarehe 30 Juni 1991. Hapa ndipo utakapoona vizuri mgawanyo wa kazi unaouulizia. Mambo ya treni, ratiba na makabidhiano ya kambi yalisimamiwa na Jenerali Antal Annus, aliyekuwa mjumbe maalumu wa serikali kwa kazi hiyo, na aliifanya kwa ustadi. Mabishano ya kisiasa yalibaki kwa mawaziri. Wasovieti walidai walipwe fidia ya majengo waliyoyajenga. Wahungaria wakajibu kwa hesabu ya udongo na maji ya ardhini yaliyoharibiwa na mafuta ya ndege kwenye viwanja vya kijeshi. Madai hayo mawili hatimaye yalifutana, hakuna aliyemlipa mwenzake, Rais wa Urusi, Boris Yeltsin, alipozuru Budapest mwezi Novemba 1992.

Askari wa mwisho aliondoka mapema kuliko tarehe iliyowekwa. Alasiri ya tarehe 19 Juni 1991, Luteni Jenerali Viktor Silov, kamanda wa majeshi hayo, alivuka mpaka kwenye daraja la Mto Tisza huko Záhony, akaingia upande wa Kisovieti. Miezi miwili baadaye lilitokea jaribio la kupindua serikali mjini Moscow. Ninapowafundisha wanafunzi wangu kipindi hiki huwaomba waziweke tarehe hizo mbili kwenye mstari mmoja, kisha wajiulize mazungumzo yale kuhusu bei ya majengo yangekuwaje kama wangekuwa wamebaki hata askari elfu kumi.

Mkataba wa Warsaw, yaani umoja wa kijeshi wa nchi za kikomunisti za Ulaya Mashariki chini ya Umoja wa Kisovieti, ulikwenda kwa mwendo huo huo. Mwezi Juni 1990, kwenye mkutano wa viongozi mjini Moscow, Antall, aliyekuwa mwenyekiti kwa zamu, alipendekeza kwamba muundo wa kijeshi wa Mkataba uvunjwe. Mwezi huo huo bunge la Hungaria liliiagiza serikali kuanza mazungumzo ya kujitoa, bila kura hata moja ya kupinga. Tarehe 25 Februari 1991 mawaziri wa mambo ya nje na wa ulinzi wa nchi wanachama walikutana Budapest kutia saini hati ya kuuvunja muundo huo. Hebu itazame meza ile. Upande wa wenyeji ameketi Für, mwanahistoria aliyekimbia nchi baada ya 1956. Upande wa Umoja wa Kisovieti ameketi Waziri wa Ulinzi wake, Marshali Dmitry Yazov, mkongwe wa vita dhidi ya Ujerumani ya Hitler. Kalamu zao zilitia saini karatasi zile zile. Mwezi Agosti mwaka huo Yazov alikamatwa kwa kushiriki katika jaribio la mapinduzi.

Naja sasa kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kubwa zaidi katika miaka yake minne, ingawa vitabu vingi hulipitia kwa aya moja. Tarehe 25 Oktoba 1990 bei ya petroli ilipandishwa ghafla kwa kiasi cha asilimia 65. Madereva wa teksi wakaziba madaraja ya Budapest na barabara kuu za nchi kwa siku tatu, wakati Waziri Mkuu amelazwa hospitalini baada ya upasuaji. Yakazuka maneno kwamba magari mazito ya jeshi yangetumika kuondoa vizuizi. Rais Göncz akaonyesha wazi kwamba, akiwa Amiri Jeshi Mkuu, hakubali jeshi liingizwe katika mgogoro ule. Mgogoro uliisha kwa mazungumzo yaliyorushwa moja kwa moja na televisheni, hakuna askari aliyetoka kambini, lakini swali likabaki: je, kauli ya Rais ilikuwa ushauri, au ilikuwa amri?

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tunapaswa kujihadhari hapa, maana neno Amiri Jeshi Mkuu kwetu linamkumbusha mtu rais mtendaji, anayeunda serikali na kuiongoza. Rais wa Hungaria huchaguliwa na bunge, haongozi Baraza la Mawaziri, na sehemu kubwa ya maamuzi yake huhitaji saini ya pili ya waziri. Katiba ya wakati ule ilikuwa na sentensi moja fupi tu kwamba Rais wa Jamhuri ndiye Amiri Jeshi Mkuu, bila kueleza maana yake. Ukiunganisha sentensi hiyo na ule mgawanyo wa Desemba 1989, uliomfanya kamanda wa jeshi awajibike kwa rais, unapata jeshi ambalo serikali inalilipia, bunge linalihoji, lakini halijulikani linamsikiliza nani.

Für hakulimaliza suala hilo kwa kugombana magazetini. Mwaka 1991 alilipeleka kwenye Mahakama ya Katiba. Uamuzi, namba 48 wa mwaka 1991, ulitolewa mwezi Septemba. Mahakama ilieleza kwamba Rais yuko nje ya mamlaka ya utendaji. Kwamba uamiri jeshi mkuu ni nafasi ya kikatiba, wala si cheo ndani ya safu ya makamanda wanaopokea na kutoa amri. Na kwamba kusimamia shughuli za jeshi ni kazi ya serikali. Ukisoma uamuzi huo kwa Kihungaria, angalia maneno mawili yanayopambanuliwa. Neno *irányítás* ni kutoa mwelekeo, yaani kuamua jeshi lifanye nini na kwa mipaka ipi. Neno *vezetés* ni kuongoza, kama kamanda anavyoongoza watu wake. Katika Kiswahili cha kila siku tungeweza kuyatafsiri yote mawili kwa "kuongoza" na tukapoteza kesi nzima. Kutoa mwelekeo kuligawanywa kikatiba kati ya bunge, rais na serikali, kila mmoja kwa kiasi alichopewa. Uongozi wa kijeshi ukabaki kwa wanajeshi, chini ya mwelekeo huo.

Sikufichi kwamba katika kesi ile mlalamikaji alikuwa na maslahi. Uamuzi uliipa nguvu serikali yake dhidi ya rais aliyetoka chama cha upinzani, tena rais aliyeketi katika kiti ambacho Für mwenyewe aliwahi kuteuliwa kukigombea. Wapo waliosema, na wapo wanaosema mpaka leo, kwamba Göncz aliiokoa nchi Oktoba 1990 na kwamba kumnyang'anya nafasi ile lilikuwa kosa. Mimi naona Göncz alifanya jambo jema kwa mamlaka yenye utata, na mamlaka yenye utata siku nyingine yangeweza kushikwa na mtu asiye na busara yake.

Vita vya Yugoslavia vilimletea Für majaribu ya aina nyingine, na hapa rekodi yake ina madoa. Mwanzoni mwa 1991 ilibainika kwamba maelfu ya bunduki aina ya Kalashnikov kutoka Hungaria yalikuwa yameuzwa kwa siri kwa Wakroatia, kabla hata Kroatia haijajitangazia uhuru. Serikali ya Yugoslavia mjini Belgrade ilipandwa na hasira, na heshima ya serikali ya Hungaria ikapungua. Tarehe 27 Oktoba 1991 ndege ya Yugoslavia iliangusha mabomu kwenye mji wa mpakani wa Barcs. Hakuna aliyekufa, lakini nchi nzima ilitambua jinsi ulinzi wake wa anga ulivyokuwa dhaifu, kwa sababu jeshi la enzi za Mkataba wa Warsaw lilikuwa limepangwa kuelekea magharibi na si kusini. Ndipo vikosi vikaanza kupangwa upya ili kulinda pande zote. Mwaka 1993 zilipokelewa ndege 28 za MiG-29 kutoka Urusi, kama malipo ya sehemu ya deni la Kisovieti, zenye thamani ya dola milioni 800.

Doa jingine ni la maneno. Kwa Mkataba wa Trianon wa 1920 Hungaria ilipoteza theluthi mbili za ardhi yake, na mamilioni ya wasemaji wa Kihungaria wakajikuta ng'ambo ya mipaka mipya. Für aliguswa sana na hali yao, na kauli zake kwamba usalama wao ni wajibu wa dola ya Hungaria ziliwatia majirani wasiwasi. Maneno hayo yangetoka kwa waziri wa utamaduni yasingemtisha mtu. Yalipotoka kwa waziri wa ulinzi, yalisikika kama mlio wa vifaru. Ni haki pia kutaja upande wa pili: mwezi Mei 1991 Hungaria na Romania zilitia saini makubaliano ya kuruhusu ndege za kila upande kukagua anga ya mwenzake, na mwaka 1993 bunge lilipitisha misingi ya ulinzi iliyotamka kwamba Hungaria haimhesabu jirani wala taifa lolote kuwa adui.

Hatua yake ya mwisho kubwa ni Sheria ya Ulinzi, namba 110 ya mwaka 1993. Sheria ya namna hiyo ilihitaji kura za theluthi mbili, nayo serikali haikuwa nazo, kwa hiyo kila kifungu kilipaswa kukubaliwa na sehemu ya upinzani. Für alipenda hotuba ndefu zenye historia ndani yake, na wabunge wengine walichoka nazo, lakini sheria ilipita mwishoni mwa mwaka ule. Antall alifariki dunia tarehe 12 Desemba 1993. Chama kilipochagua wa kumrithi, kilimpendelea Péter Boross, Waziri wa Mambo ya Ndani, badala ya Für. Für akapewa uenyekiti wa chama, akakiongoza katika uchaguzi wa 1994 ambapo viti vilishuka kutoka 164 hadi 38. Aliachia uenyekiti mwaka 1996, chama kikapasuka. Alifariki tarehe 22 Oktoba 2013, mkesha wa kumbukumbu ya mapinduzi ya 1956.

Aliyempokea wizara mwaka 1994 alikuwa György Keleti, kanali mstaafu ambaye enzi za Für alikuwa msemaji wa wizara hiyo hiyo. Wapo walionung'unika kwamba mwanajeshi amerudi kwa mlango wa nyuma. Lakini Keleti aliingia kama mbunge aliyechaguliwa, chini ya sheria iliyopita kwa kura za vyama kadhaa na uamuzi wa mahakama ulioeleza nani anampa nani mwelekeo.

Kwa utafiti wako, usianze na wasifu wake. Maktaba ya chuo kikuu chako ni mojawapo ya zile zinazopokea nakala ya lazima ya kila kinachochapishwa Hungaria, na humo utapata uamuzi namba 48 pamoja na kumbukumbu za mijadala ya bunge kuhusu sheria ya 1993. Soma kwanza vifungu vinavyohusu kulitumia jeshi ndani ya nchi, kisha urudi Oktoba 1990 na uangalie ni kifungu gani kingemjibu dereva wa teksi aliyesimamisha gari lake katikati ya daraja.